Mteja akikata bei: ukubali, upunguze kazi, uondoke au udai?

Mteja anapokuambia bei imeshuka, muulize kwanza ni bei ya kazi ipi. Ipo kazi uliyokwisha kuifanya kwa bei mliyopatana, na ipo kazi ambayo bado hujaigusa. Wateja wengi huzitia zote mbili katika sentensi moja, na mafundi wengi huiitikia sentensi nzima. Ile ya kwanza ni deni. Hii ya pili ni biashara, na katika biashara kila mmoja ana haki ya kutaja bei yake, yeye na wewe pia.

Kazi yangu ni umaliziaji wa nyumba: vigae, rangi, dari za jipsamu. Kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka saiti. Lakini hapa Mombasa mwenye lori pale Shimanzi, mpiga picha wa harusi kule Majengo, na kijana wa Kisauni anayeandika maneno ya rekodi za sauti kwa mteja wa Marekani hukutana na jambo hilihili, na njia zilizo mbele yao hazitofautiani sana na zangu. Nitazilinganisha, na sitazipa nafasi sawa, kwa sababu hazina uzito sawa.

Kwanza hakikisha ni punguzo kweli

Kampuni ikikulipa pungufu kidogo kuliko ankara yako, pengine haijakukata bei. Sheria ya Kenya inaitaka ikate kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hujalipwa: asilimia 3 kwa kandarasi za ujenzi, asilimia 5 kwa ada za kitaalamu, malipo yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi. Pesa hizo hupelekwa KRA, mamlaka ya mapato, kwa jina lako na cheti chake huonekana kwenye iTax, mfumo wake wa mtandaoni, nawe unazihesabu unapowasilisha ritani. Ukitarajia laki moja zikaingia 97,000, omba cheti kabla ya kuomba maelezo mengine. Cheti kisipopatikana, hapo sasa mna mazungumzo ya aina nyingine.

Kuna na punguzo ambalo hakuna aliyelitangaza. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Anayelipwa dola 500 kwa mwezi alikuwa akipokea elfu themanini, akajikuta na kama 64,500, ilhali mteja wake hakubadilisha hata senti, na kodi ya nyumba Bamburi haihesabiwi kwa dola. Mtu huyu hana punguzo la kulikataa. Alichonacho ni bei ya kupandisha, na mteja akija na punguzo lake juu ya hilo, alipime kwa shilingi zinazobaki mkononi.

Kukubali na kupunguza kazi, bega kwa bega

Hapa ndipo nataka tukae. Njia hizi mbili zikisemwa kwa mdomo zinafanana, kwa sababu mwishowe mteja analipa kiasi kilekile. Kwenye mfuko wa fundi zinaachana mbali.

Tuseme una nyumba ya mita za mraba 120 za vigae, leba peke yake, shilingi 500 kwa mita. Wasaidizi wawili, elfu moja kila mmoja kwa siku. Umepanga siku nane. Katikati ya matayarisho mteja anasema ana 400 kwa mita, yaani amekata asilimia 20. Mkononi mwako una majibu mawili: kufanya nyumba nzima kwa 400, au kubaki na 500 na kuacha bafu mbili, ambazo pamoja ni mita 24.

| | Bei ya awali | Kukubali 400 | Kuacha bafu |
|---|---|---|---|
| Mita za mraba | 120 | 120 | 96 |
| Malipo | 60,000 | 48,000 | 48,000 |
| Siku za kazi | 8 | 8 | 5.5 |
| Wasaidizi | 16,000 | 16,000 | 11,000 |
| Usafiri na diski za grenda | 6,000 | 6,000 | 4,000 |
| Kinachobaki kwako | 38,000 | 26,000 | 33,000 |
| Kwa siku moja | 4,750 | 3,250 | 6,000 |

Tazama safu ya kati, ya kukubali 400. Mteja amekata asilimia 20, lakini chako kimeshuka kutoka 38,000 hadi 26,000, karibu thuluthi. Msaidizi hakupunguza ujira wake, tuktuk haikupunguza nauli, diski inakatika vilevile. Punguzo lote limekuangukia wewe peke yako, kwa sababu wewe ndiye uliye mwisho wa foleni ya kulipwa. Hili ndilo ambalo mafundi hawalihesabu wanapoambiwa "ni mia moja tu kwa mita".

Kisha tazama safu ya mwisho kulia, ya kuacha bafu. Mteja ametoa 48,000 zilezile, na kwa kila siku unapata zaidi hata ya bei ya awali. Sababu ni kwamba bafu ndilo linalokula muda. Sebuleni unalaza kigae kizima baada ya kizima. Bafuni karibu kila kigae kinapita kwenye grenda: kuzunguka choo, kwenye pembe, kwenye bomba la sinki, na sakafu lazima iteremke kutoka pande zote hadi kwenye tundu la maji bila kigae kuinua ncha. Bei ya mita ni moja, lakini jasho la mita halilingani. Ukijua sehemu ya kazi yako inayolipa vibaya, unajua cha kuondoa mezani bei inapokatwa.

Nimeona mazungumzo haya yakienda vizuri kwenye nyumba moja ya ghorofa Nyali. Mama mwenye nyumba alimwambia fundi wa vigae, "Mwanangu, simiti imenimaliza. Mia nne, sina zaidi ya hapo." Fundi hakubisha na hakununa. Akasema, "Naelewa, mama. Kwa pesa hiyo nakumalizia sebule, vyumba na jikoni, kazi safi. Bafu tuziache mpaka utakapojaliwa." Mama akanyamaza kidogo, akaangalia rundo la katoni chini ya ngazi, kisha akauliza, "Na vijana wangu wakikupandishia vigae juu, na diski nikinunua mimi?" Hapo mambo yakafunguka. Kumbe alikuwa na vitu vya kutoa ambavyo si pesa taslimu. Walipatana bafu moja iingie na nyingine ingoje.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya kujibu kwa kazi badala ya kujibu kwa bei. Ukisema "hapana, ni mia tano", mteja hana pa kwenda ila kukubali au kukasirika. Ukisema "kwa kiasi hicho nakupa hiki", umemfanya achague, na mtu anayechagua huanza kutafuta. Pengine ataongeza advansi, pengine atalipa kila Ijumaa badala ya mwisho wa mwezi, pengine atakupa na nyumba ya ndugu yake. Bei ya mita inabaki palepale, na kesho ukija kwa kazi nyingine hutaanzia mia nne.

Kukubali moja kwa moja kuna mahali pake, sikatai. Kama ni mteja wa miaka, hajawahi kukuchelewesha, na amekuonyesha kwa nini amebanwa, mkubalie kwa muda unaotajwa: nyumba hii tu, au mpaka Desemba. Iandike. Punguzo lisilo na mwisho uliotajwa huwa ndiyo bei yako.

Kwa wale wa mtandaoni kanuni ni hiyohiyo, ila kipimo ni saa. Siku hizi mteja anatuma maandishi yaliyotangulizwa na mashine na kusema kazi imekuwa nyepesi, rekebisha tu, kwa hiyo bei ya dakika au ya neno inashuka. Usibishane naye kwa hisia. Chukua faili moja, washa saa, urekebishe kwa ubora uleule aliouzoea. Rekodi yenye kelele, au wazungumzaji wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza, mara nyingi hurudishwa na mashine ikiwa imeharibika kiasi kwamba kuanza upya ni haraka zaidi. Gawanya malipo kwa saa ulizotumia ndipo ujue umekatwa au la. Ukiona umekatwa, mpe chaguo: bei ya chini kwa kusahihisha makosa ya wazi tu, bei ya zamani kwa kazi iliyokamilika.

Njia ambayo watu hawaitaji jina: kulipua

Wapo wanaoitikia kwa mdomo na kukataa kwa mikono. Bei imekatwa, basi gundi ya vigae inapakwa vidonge vitano badala ya kutandazwa, kizuia maji bafuni kinarukwa, rangi inapigwa mkono mmoja. Nalisema waziwazi: usifanye. Kigae kilicholazwa juu ya hewa hulia kitupu ukikigonga na hupasuka siku kabati likivutwa. Mombasa nayo haisamehi. Hewa yetu ya chumvi hutafuta kila mwanya, maji yakipenya kwenye zege nondo inapata kutu, inavimba, na dari ya jirani wa chini inaanza kumwaga vipande. Anayeumia hapo mara nyingi si yule aliyekata bei. Ni mpangaji.

Tofauti ya kulipua na kupunguza kazi ni kwamba katika kupunguza mteja anajua alichokosa. Ameamua mwenyewe.

Kuondoka

Kuondoka ni njia nzuri kwa aliyejiandaa na ni njia mbaya kwa aliyekasirika. Pima mambo mawili.

La kwanza ni msimu. Hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu hujaa Desemba na hupwaya masika yakianza, Aprili hadi Juni. Mpiga muziki, msambazaji wa samaki au mwenye boti anayekatiwa bei mwezi Mei akaondoka kwa hasira, anaondokea kwenye baridi ya soko. Huyohuyo akikatiwa mwezi Novemba, hoteli ndiyo inayomhitaji. Kwa fundi wa nyumba ni kinyume kidogo: hoteli nyingi hufanya ukarabati wakati wageni ni wachache, kwa hiyo masika ndiyo nguvu yake, ingawa mvua inachelewesha kazi za nje.

La pili ni mgao wa kipato chako. Ikiwa mteja mmoja anakupa zaidi ya nusu ya pesa zako za mwezi, leo huwezi kuondoka, hata ujifanye unaweza, na yeye anajua. Mkubalie kwa muda na anza kutafuta wengine siku hiyohiyo. Huo si udhaifu.

Ukiondoka katikati ya kazi, usiache vitu hewani. Pima mlipofika, piga picha kila chumba, mwite mwenye nyumba au msimamizi mkubaliane kwa maandishi kwamba hizi ndizo mita zilizokwisha. Usibandue ulichobandika. Na ujue kuwa kama mlipatana bei ya jumla bila kugawa hatua za malipo, kuondoka ni hatari zaidi, maana mteja atadai kwamba kazi nzima ndiyo iliyokuwa ilipwe na haikukamilika. Anayelipwa kwa hatua, tuseme thuluthi mwanzo, thuluthi katikati, thuluthi mwisho, ana kidogo cha kupoteza.

Kudai

Sasa turudi kwenye lile deni. Umemaliza kazi kwa mia tano, mteja anatuma kwa hesabu ya mia nne na kusema ndiyo hiyo. Hapa hakuna cha kulinganisha na njia zilizotangulia. Mkataba haubadilishwi na mtu mmoja baada ya kazi kuisha, hata kama ulikuwa wa mdomo. Pokea ulichotumiwa, lakini siku hiyohiyo mwandikie kwamba umepokea kama sehemu ya malipo na utaje kilichobaki. Ukinyamaza, atasema ulikubali.

Watu wa hapa huanza kwa wazee, au kwa mtu aliyewakutanisha, na ni jambo la busara. Mwombezi anayeheshimiwa na pande zote mbili hulipisha haraka kuliko karatasi, na uhusiano unabaki. Udhaifu wake ni kwamba hana nguvu ya kuishurutisha kampuni iliyosajiliwa Nairobi au mwenye nyumba anayeishi Dubai.

Hapo kuna mahakama ya madai madogo. Sheria yake ni ya 2016, na mwaka 2020 kikomo cha madai inayosikiliza kilipandishwa hadi shilingi milioni 1. Sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Huhitaji wakili. Unaweza kujisemea mwenyewe, na mahakama haifungwi na zile kanuni kali za ushahidi za mahakama nyingine. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu, kwa hiyo mteja hawezi kuivuta kesi miaka kwa kubishania tena idadi ya mita. Mombasa huduma hii ipo.

Kinachoshinda huko ni mpangilio wa ushahidi. Kotesheni yenye tarehe, ujumbe wa WhatsApp ambamo mteja alisema "sawa fundi, anza", jumbe za M-Pesa za advansi, picha za kazi iliyokwisha. Kama mlipatana kwa simu tu, mwandikie baadaye: "Kama tulivyoongea leo asubuhi, ni shilingi 500 kwa mita." Akijibu hata kwa neno moja, una kitu. Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka sita, lakini usiungoje. Simu hupotea na wateja huhama.

Kwa deni la elfu tano mimi ningemaliza kwa mazungumzo na nisimfanyie tena. Kwa elfu sabini ningefungua shauri bila kusita, na sioni aibu yoyote ndani yake.

Kuungana

Kuna punguzo ambalo mtu mmoja hawezi kulijibu kwa njia yoyote niliyoitaja. Mwaka 2019 lilipotoka agizo kwamba mizigo ya bandari inayokwenda Nairobi na bara ipande reli ya SGR, mwenye lori mmoja wa Kilindini angesema nini? Angemkatalia nani? Kazi yenyewe ilihama, na waliobaki wakigombania mizigo michache walikuwa na bei moja tu ya kutaja, ya chini. Mji uliingia barabarani Jumatatu baada ya Jumatatu. Baada ya safari ndefu ya siasa na mahakama, Septemba 2022 Rais William Ruto alipoapishwa alitangaza kurudisha shughuli za kuondoa mizigo Mombasa. Ilichukua watu wengi na miaka kadhaa.

Madereva wa teksi za programu nao wako kwenye hali inayofanana, kwa sababu mteja wao ni programu na haipokei simu. Kanuni za 2022 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni ambayo kampuni inaweza kumkata dereva. Nauli yenyewe hazikuigusa. Agosti 2024, madereva Nairobi waliamua kutumia orodha yao wenyewe ya nauli badala ya ile ya programu. Ilionyesha nguvu yao, na pia hatari yake: anayefanya hivyo anaweza kufungiwa akaunti.

Kwa mafundi na wasambazaji nina angalizo moja zito. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza washindani kukubaliana bei moja. Kikundi cha WhatsApp kikitangaza "hakuna wa kufanya chini ya mia tano" kinajiweka pabaya. Kinachoruhusiwa na kinachosaidia ni kuandaa mfano wa mkataba, kuelezana wateja wanavyolipa, kufundishana hesabu kama ile ya jedwali hapo juu, na kulalamika kwa pamoja.

Mlalamike wapi? Sheria hiyohiyo inazuia mnunuzi mkubwa kutumia vibaya nguvu zake juu ya msambazaji: kuchelewesha malipo bila sababu kinyume na makubaliano, kumbebesha gharama zake, kushusha bei pale msambazaji asipokuwa na mnunuzi mwingine wa kumkimbilia. Mamlaka ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko. Desemba 2023 ilitoza mnyororo mmoja wa supamaketi faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1 katika shauri la namna hii, na mmoja wa wasambazaji waliolalamika alikuwa kampuni ya hapa Pwani. Wasambazaji wadogo wa mboga, asali na maziwa hotelini na madukani wengi hawajui kwamba mlango huu upo, na ni wao hasa uliofunguliwa kwa ajili yao.

Jibu lenyewe

Bei ikikatwa kwa simu, usijibu papo hapo. Sema utarudi jioni, kaa na kalamu, fanya hesabu ya siku na gharama, kisha tuma ujumbe. Huu unatosha kwa kazi ambayo bado haijaanza, badilisha tu takwimu na namna ya kumwita kulingana na mteja wako:

"Shikamoo mama. Nimepokea bei mpya ya 48,000. Kwa kiasi hicho nitafanya sebule, vyumba vitatu na jikoni, jumla mita 96, kwa siku sita. Bafu mbili hazimo, naweza kuzifanya baadaye kwa 12,000. Ukipenda nyumba nzima iishe pamoja, bei inabaki 60,000, na naweza kupokea kwa awamu tatu. Ukinijibu kabla ya Alhamisi nitakuwekea wiki ijayo, baada ya hapo nimeahidi kazi nyingine Mtwapa. Ahsante."

Sentensi ya mwisho iandike tu kama ni kweli.